UZI: Katapila likivikwa deraya – mitambo ya ujenzi inapoingia vitani

FundiMinyororo (Nakuru)

Wadau, hamjambo. Tangu klipu za mabuldoza yaliyofunikwa vyuma zianze kuzunguka kwenye makundi ya opereta, vijana wa hapa Industrial Area wamenichosha kwa swali moja: "Fundi, si hata sisi tukipata pleti nzito tunaweza kugeuza buldoza la Caterpillar D8 likawa kifaru?" Nimeona heri nifungue uzi nijibu mara moja, nipumue.

Kazi yangu ni chini ya mtambo: minyororo, rola, sproketi (gurudumu la meno linalovuta mnyororo), fainal draivu (gia za mwisho zinazozungusha sproketi). Jeshini sijawahi kukanyaga, kwa hivyo waliovaa gwanda waingie bila hodi. Lakini chuma nakijua, na ninachosema ni hiki: pleti yeyote atachomelea. Balaa ni yale yanayofuata. Nani atabeba uzito huo? Injini uliyoifungia sandukuni itapoa vipi? Opereta ataona wapi? Na mtambo utafika kazini saa ngapi, wakati vita havimngoji mtu? Majeshi yanahangaika na maswali hayo tangu Vita vya Pili vya Dunia, na hakuna aliyeyajibu yote kwa mtambo mmoja.

Tuchukue ule unaojulikana zaidi, Caterpillar D9. D9R ikiwa ya kawaida ina kama tani 49 na injini ya nguvu za farasi zaidi ya 400. Waisraeli huivika deraya, wakaweka vioo vya kuzuia risasi, kisha mwaka 2005 wakaongeza kizimba cha vyuma cha kulipukisha roketi za begani kabla hazijagusa mwili wa mtambo. Jumla inapita tani 60.

Sasa pigeni hesabu nami. Mnyororo wa D9R unagusa ardhi kwa urefu wa karibu mita 3.5, na shuu zake za kawaida (pleti zinazokanyaga ardhi) zina upana wa sentimita 61. Pande zote mbili ni kama mita mraba 4.2. Ikiwa haijavikwa kitu, kila sentimita mraba ya ardhi inabeba kama kilo 1.15. Ikivikwa, inakaribia kilo 1.5. Kifaru cha M1 Abrams, ambacho nacho kinapita tani 60, kiko kwenye kilo 1.1 hivi. Ina maana katapila lenye deraya linaweza kuzama mahali kifaru kimepita salama.

Na huo uzito hauishii ardhini. Unapita kwenye rola, pini na bushi, unakuja kumalizikia kwenye fainal draivu. Kilichoisaidia D9 ni uamuzi ambao Caterpillar waliufanya kwa ajili ya migodi na barabara: kuanzia D10 ya 1977 waliinua sproketi juu, mnyororo ukawa na umbo la pembetatu. Fainal draivu ikatoka kwenye matope na mapigo ya mawe. Wanajeshi walikuja kufaidika na kitu ambacho hawakukiomba.

---

Opereta_Kuresoi

Fundi heshima. Mimi niliendesha D8 kwenye kazi ya bwawa la Itare kabla haijasimama 2018. Saa nane mchana, rejeta imejaa vumbi, mshale wa joto unapanda kwenye nyekundu hata bila pleti. Hao wa jangwani wanapoza na nini?

---

FundiMinyororo (Nakuru)

Swali zuri, na ndilo linaloua mitambo ya kienyeji. Rejeta haifungwi kabisa. Mbele yake huwekwa vyuma vilivyolazwa kwa mshazari kama vioo vya dirisha la choo: hewa inapita, risasi inagonga chuma. Hata hivyo hewa inapungua, kwa hivyo opereta anatakiwa kuwa na adabu na ule mshale. Anayeusukuma mtambo wa deraya kama vile yuko kwenye kandarasi ya kulipwa kwa lori ataupika.

Halafu kuna ngao ambayo kila buldoza huzaliwa nayo: bledi yenyewe, lile bapa pana la mbele la kusukumia udongo. Oktoba 1943, katika visiwa vya Treasury huko Pasifiki, kikosi cha ujenzi cha jeshi la wanamaji la Marekani, wale wanaoitwa Seabees, kilikwama ufukweni kwa sababu ya ngome ndogo ya Wajapani iliyokuwa ikiwamiminia risasi. Jamaa mmoja, Aurelio Tassone, alipanda buldoza lisilo na deraya yoyote, akainua bledi ikamkinga mbele, akaenda nayo mpaka kwenye ngome, akaishusha na kuifukia ngome nzima kwa udongo pamoja na waliokuwa ndani. Ofisa wake, Charles Turnbull, alikuwa pembeni anamfunika kwa bunduki.

Angalieni lakini: akiinua bledi haoni mbele. Hilo la kuona tutalirudia.

---

NyarAhero

Hizo kilo 1.5 kwa sentimita ukizileta huku tambarare za Kano, Kisumu, wakati wa masika, tutakutafuta kwa fito ndefu. Udongo wetu mweusi ukilowa, hata D6 ya shuu pana za kinamasi hulala kitumbo. Mwaka jana kuna mkandarasi aliacha eksikaveta shambani kwa jirani hadi maji yakauke, watoto wakaifanya bembea. Wazungu walipigana kwenye udongo kama huu wakafanyaje?

---

FundiMinyororo (Nakuru)

Walitandika, dada. Kabla ya kutua Normandy tarehe 6 Juni 1944, Waingereza walituma watu usiku wakachota sampuli za mchanga kwenye fukwe zenyewe, na wakajua kuna sehemu zenye udongo laini chini yake. Wakatengeneza kifaru chenye roli kubwa mbele, limezungushiwa turubai la upana wa mita 3 hivi lililotiwa fito za chuma. Kinajitandikia njia kikisonga mbele, na wanaokifuata wanapita juu. Hicho walikiita Bobbin.

---

Sapa_Mstaafu (Gilgil)

Nimesoma kimya, sasa niingie. Nilikuwa mhandisi wa jeshi, kikosi sitataja.

Vijana wanadhani buldoza liko vitani kubomoa. Kubomoa ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni udongo: kuwafungulia njia wenzako, kumfungia adui njia, na kuwachimbia watu mahali pa kujificha. Jeshi likisimama mahali kwa usiku mmoja, kitu cha kwanza ni kuchimba. Kifaru kikiingia shimoni kikabakisha kichwa tu, adui anakiona kwa shida. Uliza askari yeyote aliyechimba handaki kwa sepetu kwenye mawe, halafu uniambie kama anaona mzinga ni muhimu kuliko bakho, ule mtambo wa kuchimbia. Warusi wana mashine inaitwa BTM-3, ina gurudumu kubwa la ndoo nyuma, inachimba handaki la kusimama mtu hadi mita 800 kwa saa moja udongo ukiwa mzuri. Kikosi kizima kwa majembe hakiifikii.

Na wakati mwingine mtambo bora si mtambo wa chuma. Mwaka 1973 Wamisri walitaka kuvuka Mfereji wa Suez. Ng'ambo ya pili Waisraeli walikuwa wamerundika ukuta wa mchanga wenye urefu wa mita 20 hivi kwenda juu, mteremko mkali. Kutoboa pengo moja la upana wa mita 7 ilibidi kuondoa mita za ujazo 1,500 za mchanga. Kwa baruti na buldoza ingechukua muda wa saa 5 hadi 6, na hapo ni kama hakuna anayekupiga risasi. Ofisa mmoja mhandisi, Baki Zaki Youssef, alikuwa amefanya kazi kwenye ujenzi wa Bwawa la Aswan, ambako mchanga ulisukumwa kwa maji ya shinikizo. Akasema: tutumie pampu. Walinunua pampu za Uingereza, kisha za Ujerumani zenye nguvu zaidi, wakazifunga kwenye mashua. Tatu za Uingereza pamoja na mbili za Ujerumani zikashusha muda hadi saa mbili. Tarehe 6 Oktoba ukuta ukaanza kuyeyuka, na mabuldoza yakaja baadaye kusawazisha tu.

Hilo lilikuwa wazo la mtu wa saiti, si la mtu wa chuo cha vita.

---

Opereta_Kuresoi

Afande, hii ya Suez sikuwahi kuisikia. Shikamoo.

---

MwalimuHistoria (Kakamega)

Marahaba kwa niaba ya Afande. 😄

Niongeze la kwetu. Wazee wengi wa Magharibi na Nyanza walioenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki hawakurudi na hadithi za mizinga. Walirudi na hadithi za matope. Mwaka 1944 walishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua za monsuni, gari zikivutwa kwa mikono, wakaishika Kalewa kwenye mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba. Hapo wahandisi wakaweka daraja la Bailey lenye urefu wa futi 1,154, yaani mita 350 na ushei. Wakati huo lilikuwa refu kuliko daraja lolote la Bailey duniani.

Uzuri wa Bailey ni kwamba halihitaji kreni. Kila paneli ni futi 10, uzito wa kilo 260 hivi, watu sita wanainyanyua. Unaunganisha kwa pini upande mmoja wa mto, unalisukuma juu ya rola mpaka lifike ng'ambo. Na bado linatumika hapa Kenya mafuriko yakibeba daraja. Kwa hiyo mimi nampinga Fundi kidogo: mnasifu mitambo mno. Ukibuni kitu ambacho watu sita wanakibeba, umemshinda mwenye tani 60.

---

FundiMinyororo (Nakuru)

Mwalimu, sikupingi. Lakini hao watu sita wakiwa chini ya bunduki ya rashasha utabaki na wangapi? Hilo ndilo lililowapata Wakanada kule Dieppe, Agosti 1942. Vifaru vilishuka ufukweni, vikakutana na kokoto, ukuta wa bahari na vizuizi vya zege. Wahandisi waliotakiwa kulipua vizuizi walikuwa wanatembea kwa miguu wamebeba baruti mgongoni. Walipigwa kabla ya kufika. Vifaru vingi havikutoka ufukweni.

Kutoka hapo Waingereza wakasema mhandisi naye awekwe ndani ya chuma. Jenerali Percy Hobart akapewa Divisheni ya 79 ya Deraya, ikawa karakana ya vituko. Churchill AVRE ilikuwa kifaru chenye mzinga mfupi mnene wa milimita 290 unaorusha bomu la kilo 18 hivi kuvunja zege. Nyingine ilibeba mzigo wa fito ukitupwa unaziba mtaro. Ile iliyoitwa Crab ilikuwa Sherman yenye ngoma mbele na minyororo 43 inayochapa ardhi ili mabomu yaliyotegwa yalipuke mbele ya kifaru badala ya chini yake. Wazo la minyororo ya kuchapa lilitoka kwa Mwafrika Kusini, Kapteni Abraham du Toit, na lilikuwa limeshajaribiwa El Alamein mwaka 1942. Ikichapa, Crab ilienda kilomita 2 kwa saa. Mzee wa mkongojo anaipita.

Sasa fika kwenye jambo langu. Waingereza hao hao walichukua Caterpillar D7 za kawaida, wakampa kampuni ya Jack Olding kule Hatfield azivike chuma kwa ajili ya Normandy. Zilifanya kazi vizuri sana ya kusafisha ufukwe. Lakini vita vilipoondoka ufukweni, D7 hazikuweza kufuatana na vifaru kwa sababu zilikuwa na mwendo wa katapila. Wakaamua kuchukua kifaru cha Centaur, wakang'oa kichwa cha mzinga, wakakifungia bledi mbele. Kinakimbia. Je, kinachimba kama D7? Hapana. Kifaru hakikutengenezwa kusukuma siku nzima kwa gia ya kwanza.

Tangu hapo ni mvutano huo huo. Katapila la kweli linachimba lakini lazima libebwe kwa lobedi (trela la kubebea mitambo). D9 ikijitahidi sana ni kilomita 12 kwa saa. Kifaru chenye bledi kinafika mapema lakini ni ghali na si mchimbaji wa kweli. Wamarekani leo wana M1150, mwili wa Abrams wenye jembe la upana wote wa mtambo. Meno ya jembe yanafukua mabomu na kuyasukuma pembeni. Juu kumefungwa kamba mbili zenye vilipuzi zinazorushwa kwa roketi, kila moja ikilipuka inafungua njia ya mita 100 kwa upana wa mita 8 hivi. Ni mtambo wa ajabu kweli, lakini huwezi kuuita ukachimbe bwawa la Subukia.

---

Wakili_Milimani (Kisumu)

Kabla hatujanogewa na chuma, naomba tusimame mahali pamoja. Tarehe 16 Machi 2003, Rafah, msichana Mmarekani wa miaka 23, Rachel Corrie, aliuawa na buldoza la deraya alipokuwa amesimama mbele yake kuzuia nyumba za Wapalestina zisibomolewe. Alikuwa amevaa jaketi la rangi ya kung'aa. Wenzake walisema dereva alimwona. Jeshi likasema hakumwona. Mahakama ya Haifa mwaka 2012 ikasema ilikuwa ajali, na Mahakama ya Juu ikakataa rufaa ya familia mwaka 2015.

Mimi si fundi. Ninauliza: mtambo ambao aliyeuendesha anaweza kusema mahakamani "sikuona mtu aliyesimama mbele yangu", na ikawezekana kweli hakuona, unaruhusiwaje kuingia mahali penye raia?

---

FundiMinyororo (Nakuru)

Wakili, umegusa penyewe. Sitaamua kesi hiyo hapa, ila nitasema kuhusu mtambo. Hata D9 ya kawaida, opereta yuko nyuma ya boneti ndefu na bledi yenye upana unaopita mita 4. Ardhi iliyo karibu na bledi haioni. Ndiyo maana saiti yoyote yenye akili ina mpiga ishara, na hakuna anayeruhusiwa kusogea bila opereta kumtazama machoni. Ukivika deraya, madirisha yanakuwa madogo na kioo kinakuwa kinene, kwa hivyo sehemu isiyoonekana inaongezeka. Waisraeli huweka watu wawili ndani, dereva na kamanda, na sasa kuna kamera. Wana pia D9 ya rimoti wanayoiita Panda.

Lakini kamera inaona pale tu ilipoelekezwa. Kwa maoni yangu, mtambo usio na mpiga ishara nje usiingie mahali watu wanaishi, awe ni mwanajeshi au mkandarasi wa kaunti anayebomoa vibanda usiku.

---

Wakili_Milimani (Kisumu)

Hilo la mwisho naliweka kwenye faili.

---

Sapa_Mstaafu (Gilgil)

Rimoti ndiyo njia dunia inaelekea, na si kwa ajili ya raia, ni kwa sababu dereva anauawa. Waingereza wana Terrier, tani 30, ina bledi yenye ndoo mbele na mkono wa kuchimbia ubavuni, na mtu anaweza kuiongoza akiwa umbali wa kilomita moja. Kwenye kuondoa mabomu baada ya vita rimoti ni kawaida siku nyingi. Wakroatia wana kamtambo kadogo, MV-4 ya DOK-ING, kanachapa ardhi kwa minyororo kama ile Crab. Na kampuni ya Denmark inayotengeneza lori za kubebea udongo, Hydrema, iligeuza lori lake kuwa mtambo wa kuchapa mabomu. Fundi, huo ni mtambo wako wa saiti kabisa.

---

Kibuye_Welder

Wazee mnaongea ya serikali tu. Na yule jamaa wa Marekani aliyejitengenezea lake kwenye karakana? Lilipigwa risasi halikuhisi kitu. Mimi nikipata Komatsu kuukuu na pleti nawatengenezea moja hapa Kisumu.

---

FundiMinyororo (Nakuru)

Mwana akililia wembe mpe, lakini wewe sikupi. 

Unamsema Marvin Heemeyer, Granby, Colorado, tarehe 4 Juni 2004. Komatsu D355A, pleti mbili na zege katikati, kamera za nje. Alibomoa majengo 13, kisha akajiua. Hapo hamna shujaa; ni mtu mmoja na ugomvi wake, na mji mzima uliokimbia makwao. Tena kama fundi, tazama lilivyoisha: rejeta ilitoboka, injini ikaanza kufa, na mtambo ukadidimia kwenye ghorofa ya chini ya duka alilokuwa akilibomoa. Joto na uzito, yale yale niliyoanza nayo.

Na kuhusu kuchomelea. Pleti unayonunua dukani ni chuma laini. Risasi ya bunduki ya vita ina maoni tofauti kabisa nayo. Chuma cha deraya kimekomazwa kwa moto na kupozwa kwa utaratibu. Wewe hapo Kibuye umeshachomelea Hardox (chuma kigumu kisicholika haraka) kwenye ndoo za eksikaveta, sivyo? Unajua ukikimbiza moto mwingi, pembeni mwa mshono chuma kinarudi kuwa laini, na ukitumia elektrodi zilizonyonya unyevu, kesho yake unaona ufa. Basi deraya ni hivyo mara kumi, na ufa wake hauonekani mpaka siku ya kupigwa. Viwanda vinapasha chuma kwanza, vinakausha elektrodi kwenye jiko, kisha vinapiga risasi kipande cha majaribio kabla ya kukubali mshono.

---

Kibuye_Welder

Sawa jaduong', nimesikia. Ndoo zangu lakini hazipasuki.

---

NyarAhero

Turudi nyumbani. Kama ni jeshi letu, mngenunua nini? Maana mimi jeshi nililiona kwa macho mafuriko ya 2024, na siku ile hatukuhitaji wa kubomoa.

---

FundiMinyororo (Nakuru)

Mimi ningeanza na mtambo ambao watu hawapigi picha: JCB HMEE. Ni bakho, ndoo mbele na mkono wa kuchimbia nyuma kama zile zinazotengeneza mitaro hapa Section 58, ila ina sospensheni ya kweli, inapiga karibu kilomita 90 kwa saa na kuna kibanda cha deraya cha kuifungia. Jeshi la Marekani liliinunua kwa sababu bakho ya kawaida ilikuwa inachelewesha msafara mzima. Inatoka Nakuru asubuhi, saa nane mchana iko Budalang'i inaziba tuta, bila kutafuta lobedi.

Wa pili ninaoupenda kwa akili yake ni M9 ACE ya Marekani, hata kama sasa ni mzee. Mwili wake ni alumini, tani 16 tu, unaweza kuogelea. Tani 16 haiwezi kusukuma kitu cha maana, sivyo? Basi mbele kuna bakuli kama la skrepa (mtambo unaokwangua udongo na kuubeba). Opereta anajaza udongo wa pale pale alipo, mtambo unafika tani 24, anaanza kusukuma. Akimaliza, anamwaga udongo na kuondoka mwepesi. Na bledi yake haipandi wala haishuki kwa mikono ya haidroliki kama tulivyozoea. Sospensheni ndiyo inayoinamisha pua ya mtambo mzima mpaka bledi iume ardhi. Niliposoma michoro yake nilicheka peke yangu. Ubaya ni kwamba opereta yuko peke yake, anaona kidogo, na mitungi ile ya sospensheni ikivuja huna bledi wala huna gari.

D9 ningenunua mwisho, na ningeikodi kwa mkandarasi siku ambazo hakuna vita.

---

Sapa_Mstaafu (Gilgil)

Nakubaliana na HMEE. Ila hamjataja kitu kilichookoa maisha mengi zaidi ya mitambo yote hii: HESCO. Ni kikapu cha waya wa chuma chenye kitambaa ndani. Kinakuja kimekunjwa, unakivuta kama akodioni, loda inakijaza udongo. Saizi ya kawaida ina kimo cha mita 1.37 na upana wa zaidi ya mita moja, kikijaa risasi haipiti. Kambi za Afghanistan, Iraq na Somalia zimezungushiwa hicho. Aliyekibuni, Jimi Heselden wa Leeds, hakuwaza vita. Alikuwa anazuia mmomonyoko na mafuriko.

Asiye na loda lakini ana kikapu tu. Nimeona vijana wakijaza HESCO kwa sepetu juani. Siombei mtu.

---

NyarAhero

Afande, yaani kitu kilichobuniwa kuzuia mafuriko kinalinda kambi kote huko, na sisi wa Nyando na Budalang'i bado tunapanga magunia ya mchanga kila Aprili?

---

Sapa_Mstaafu (Gilgil)

Ndiyo hivyo. Magunia ni rahisi kununua na rahisi kuhesabu kwenye risiti.

---

MwalimuHistoria (Kakamega)

Afande ameamka na moto leo.

---

Opereta_Kuresoi

Fundi, nimalizie na la kwangu maana uzi unaenda kufungwa. D8 ninayoendesha sasa, kazi ya kusafisha shamba la zamani huku Njoro, inavuja mafuta ya fainal draivu upande wa kulia. Sili (pete ya kuzuia mafuta yasivuje) ilibadilishwa majuzi tu. Tatizo ni nini, sili feki?

---

FundiMinyororo (Nakuru)

Shamba la zamani lina seng'enge, sivyo? Kabla hujalaumu aliyekuuzia, fungua kinga ya ndani ya sproketi umulike na tochi. Waya ukishikwa na mnyororo hujizungusha kwenye shimo la sili, unakaza kidogo kidogo hadi unaisukuma sili nje ya kiti chake. Kwenye vita ni hivyo hivyo: seng'enge za wembe hutandazwa kwa marobota mbele ya mahandaki hasa kuzuia askari wa miguu, lakini mnyororo nao huzizoa. Haziui buldoza, ila siku chache baadaye fainal draivu inakauka mafuta na mtambo umekwama katikati ya kazi.

Kata waya kwa msumeno wa chuma, usiuchome kwa gesi, utaunguza mpira wa sili. Angalia mafuta kama yana unga wa chuma. Yakiwa safi, osha, weka sili nyingine, jaza, na mwambie mwenye shamba atume vijana wakusanye seng'enge kabla hujarudi kupiga bledi. Yakiwa na unga, usiwashe tena. Nitumie picha.

---

Opereta_Kuresoi

Nimemulika. Waya upo, umezunguka kama kamba ya ng'ombe. Mafuta ni safi. Asante sana Fundi, kesho asubuhi natafuta msumeno.